Laiboni Lenana na hesabu ya askari wa Mwingereza

SERIKALI ya Uingereza ilipoitwaa nchi ya Afrika Mashariki kutoka mikononi mwa kampuni ya biashara mnamo Julai 1, 1895, swali lililotangulia mengine yote katika ofisi za London lilikuwa la hesabu. Ni askari wangapi wangetosha kuilinda njia ya kutoka Mombasa hadi Uganda, na ni nani angewalipa mishahara?

Waliouliza swali hilo hawakupenda kutoa pesa zao wenyewe. Kampuni iliyoondoka, Imperial British East Africa Company, ilikuwa imemaliza mtaji wake bila kuona faida, na katika fidia ya pauni 250,000 iliyolipwa, pauni 200,000 zilitolewa na Zanzibar. Hazina ya London iliufurahia mtindo huo na ilitaka uendelee. Himaya mpya ilitakiwa ijilinde kwa gharama ndogo kabisa.

Sehemu kubwa ya jibu ilipatikana katika boma la laiboni mmoja wa Kimaasai, karibu na milima ya Ngong, katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Kajiado. Laiboni huyo alikuwa Lenana, au Olonana kama watu wake walivyomwita, mwana wa Mbatian. Wakenya wengi wanalijua jina lake kwa sababu ya shule ya upili na kwa sababu ya kilele cha Mlima Kenya. Wachache wanajua kwamba kwa zaidi ya miaka kumi, morani waliopata baraka zake ndio waliojaza pengo la askari ambao Uingereza haikuwa tayari kuwalipia.

Lenana alizaliwa katika ukoo wa Inkidongi, ambao ndio uliotoa malaiboni wakuu wa Wamaasai kizazi baada ya kizazi. Ni muhimu kuelewa cheo hicho kilikuwa na uzito gani. Laiboni hakuwa mfalme, wala hakuwa jemadari. Hakuwa na uwezo wa kumwamuru mzee wa boma la mbali ahame au abaki. Kazi yake ilikuwa kutabiri, kutoa dawa, kuongoza ibada na kubariki safari za vita. Hata hivyo, morani hawakuondoka kwenda vitani kabla ya kupata baraka na hirizi zake, na waliporudi na ng'ombe, fungu lake lilitengwa. Aliyeyashika mambo hayo mawili, ruhusa ya vita na fungu la nyara, alikuwa ameshika kitu ambacho mgeni mwenye askari wachache angekitamani sana.

Mbatian alifariki mnamo 1890 au karibu na hapo, katika nchi ya Wamatapato, na kaburi lake husemekana liko chini ya mlima Ol Doinyo Orok, ule mlima mweusi unaousimamia mji wa mpakani wa Namanga. Kabla ya kufa alitabiri maradhi ya ng'ombe na kuja kwa watu weupe. Alisema pia kwamba mwana atakayemkabidhi vifaa vya ulaiboni ndiye atakayekuwa mrithi wake.

Kisa cha urithi huo kinasimuliwa hadi leo katika manyatta za Kajiado. Mbatian alimwambia Sendeyo, mwanawe mkubwa, aje alfajiri kuchukua vifaa. Lenana, aliyekuwa amejificha katika zizi la ndama, aliyasikia maneno hayo, akaamka mapema kuliko ndugu yake na kuingia kwa baba. Mzee, ambaye jicho lake halikuona vyema, alimkabidhi rungu la chuma, pembe ya dawa, kibuyu, vijiwe vya kupigia ramli na mfuko wake. Sendeyo alipofika alikuta mambo yamekwisha. Wafuasi wa Sendeyo wamekuwa wakikisimulia kisa hicho kama cha wizi. Wafuasi wa Lenana hukisimulia kwa tabasamu, kama kisa cha kijana aliyejua kurauka.

Sendeyo aliondoka na sehemu kubwa ya Waloita, na kwa muda mrefu alikaa upande wa pili wa mpaka, katika nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani. Lenana alibaki na Wakaputiei wa nyanda za Kitengela na Isinya, Wamatapato wa Kajiado na wengineo, huku Wapurko wa Bonde la Ufa wakiegemea upande wake. Ndugu hao wawili walipigana kwa karibu miaka kumi.

Wala hawakupigania mali nyingi. Katika miaka ya 1880 homa ya mapafu ilikuwa imeua ng'ombe kwa maelfu. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikaja sotoka, ambayo ilifagia karibu kila zizi lililokuwa limebaki, na nyuma yake ikaja ndui iliyoua watu. Wamaasai huuita wakati huo Emutai, yaani maangamizi. Familia ambazo awali zilikuwa na mamia ya ng'ombe zilikula ngozi. Wanawake na watoto walipelekwa kwa Wakikuyu na Wakamba ili wapate chakula, wengine kwa makubaliano ya jamaa na wengine kwa kubadilishwa na nafaka, na wengi wao hawakurudi.

Hii ndiyo hali aliyokuwa nayo Lenana alipoanza kushughulika na Waingereza. Wasomaji waliofundishwa shuleni kumweka katika orodha ya walioshirikiana na wakoloni, mbali na akina Waiyaki na Koitalel, hawana budi kukumbuka kwamba alianza mazungumzo akiwa mtawala wa watu wenye njaa, asiye na ng'ombe, mwenye vita na ndugu yake upande mmoja na majirani wenye kinyongo upande mwingine.

Upande wa pili wa meza nao ulikuwa dhaifu. Mnamo 1891 Kapteni Eric Smith wa kampuni alijenga ngome karibu na Kabete ambayo iliitwa Fort Smith. Ngome hiyo ilikuwa kituo cha kununulia chakula cha misafara inayokwenda Uganda. Askari wake walikuwa wachache na majirani zake Wakikuyu walikuwa wameudhika kwa sababu ya uporaji wa wapagazi, na mara kadhaa ngome ilizingirwa. Francis Hall, aliyeisimamia kwa miaka mingi, hakuweza kuomba kikosi kikubwa zaidi kutoka pwani kwa sababu hakikuwepo, na kama kingekuwepo, kampuni isingeweza kukilisha.

Mwaka 1893 Wamaasai wenye njaa, hasa Wakaputiei, walianza kukimbilia Fort Smith na kupiga kambi kando yake. Hall aliwapokea. Baada ya muda mfupi aliona kwamba miongoni mwa wakimbizi wake kulikuwa na vijana wenye mikuki ambao hawakuhitaji kufundishwa vita. Aliwatumia dhidi ya Wakikuyu waliokuwa wakimsumbua, akawalipa kwa mbuzi na ng'ombe waliotekwa. Lenana mwenyewe aliingia katika mazungumzo na ngome, na kile kilichoanza kama sadaka kwa wakimbizi kikawa biashara.

Masharti ya biashara hiyo hayakuandikwa popote, lakini pande zote mbili ziliyajua. Waingereza walipata morani wa kuandamana nao vitani, na njia iliyo salama. Jambo hili la pili halikuwa dogo. Misafara iliyotoka Machakos ilivuka nyanda za Athi na Kapiti, mlangoni mwa Kitengela, kabla ya kufika Dagoretti, na nyanda hizo zilikuwa malisho ya Wakaputiei. Kuzilinda kwa askari kungehitaji vituo, maji, chakula na bunduki nyingi. Kuzilinda kwa urafiki wa Lenana hakukuhitaji hata rupia moja. Lenana kwa upande wake alipata ulinzi kwa watu wake, msaada wa kuwadai wanawake na watoto waliobaki kwa majirani, na juu ya yote, ng'ombe.

Tuitazame hesabu yenyewe. Askari wa serikali alihitaji mshahara, sare, bunduki, risasi na posho, na alihitaji wapagazi wa kumbebea vitu hivyo. Morani alikuja na mkuki, ngao na sime yake, alilala nje, alikula nyama ya mifugo aliyoiteka, na vita vilipokwisha alirudi nyumbani bila kudai kiinua mgongo. Malipo yake yalikuwa fungu la nyara. Fungu lililobaki lilichukuliwa na serikali, ambayo kwa njia hiyo ilifidia gharama za msafara wake.

Lakini gharama haitoweki kwa sababu haikuandikwa katika daftari la Hazina. Vita vya bei rahisi kwa London vilikuwa vita vya bei ghali kwa Wakikuyu, Wakamba na Wanandi ambao mazizi yao yalifagiliwa. Wao ndio walioulipa mshahara wa morani. Kadhalika mfumo huo ulimpa kila aliyehusika sababu ya kutaka msafara mwingine: afisa alitaka utii, morani alitaka mahari, na laiboni alitaka fungu lake. Uhasama uliozaliwa katika miaka hiyo kati ya majirani ulidumu muda mrefu kuliko ng'ombe wenyewe.

Urafiki huo ulipata mtihani mkubwa mnamo Novemba 1895 katika bonde la Kedong, magharibi ya Ngong. Msafara mkubwa wa wapagazi Wakikuyu na Waswahili, uliokuwa ukirudi kutoka Eldama Ravine, uligombana na Wamaasai baada ya wapagazi kuwachokoza katika manyatta zao. Morani waliwaua mamia. Mfanyabiashara mmoja Mzungu, Andrew Dick, aliwafuata Wamaasai kwa bunduki, akaua wengi kabla ya kuuawa yeye mwenyewe.

Katika sehemu nyingine ya himaya, kisa kama hicho kingeleta msafara wa kulipiza kisasi. Hapa kulifanywa uchunguzi ambao uliuelekezea msafara lawama, na Wamaasai hawakushambuliwa. John Ainsworth, msimamizi wa Machakos, anastahili sifa kwa uadilifu wake. Hata hivyo, ni vigumu kusahau kwamba kuwaadhibu Wamaasai wote kungehitaji jeshi ambalo serikali haikuwa nalo. Lenana alijifunza mambo mawili katika Kedong. La kwanza, kwamba bunduki ya mtu mmoja inaweza kuua watu wengi. La pili, kwamba wenye bunduki walikuwa wakimhitaji.

Wakati huo huo matatizo ya askari yalikuwa yakizidi kwingineko. Pwani, vita vya Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, vilivyoanza 1895, viliilazimisha serikali kuagiza wanajeshi kutoka India mwaka uliofuata. Septemba 1897 askari Wasudani waliokuwa wakiitumikia Uingereza katika Uganda waliasi wakiwa Eldama Ravine. Walikuwa wamechoshwa na safari zisizokwisha, na mishahara yao ilikuwa duni na yenye kucheleweshwa. Maasi hayo yalizimwa baada ya kuagiza tena wanajeshi kutoka India, kwa gharama iliyozidi sana ile ambayo ingetosha kuwalipa Wasudani haki yao. Kupunguza mshahara wa askari ni njia ya kuweka akiba ambayo hudai riba kubwa.

Katikati ya misukosuko hiyo nchi ya Wamaasai ilitulia. Reli ya Uganda iliyoanza kujengwa Mombasa mnamo 1896 ilivuka nyanda za Kapiti na Athi na kufika Nairobi Mei 1899 bila kupigana na morani. Simba wa Tsavo waliwasumbua wajenzi wa reli hiyo kuliko Wamaasai wote kwa jumla. Kwa serikali iliyokuwa ikihesabu kila pauni ya mradi ule mkubwa, utulivu huo ulikuwa zawadi ambayo haikuonekana katika bajeti.

Lenana alilipwa kwa heshima. Serikali ilimtambua kuwa chifu mkuu wa Wamaasai wote, cheo ambacho hakikuwahi kuwepo, na ikampa mshahara. Mnamo 1899 Halford Mackinder, Mzungu wa kwanza kufika juu kabisa ya Mlima Kenya, alivipa vilele vyake majina ya malaiboni, Batian na Nelion, na kimoja akakiita Lenana. Mwaka 1902 Sendeyo, ambaye watu wake walikuwa wamedhoofishwa na maradhi na vita, alikuja kufanya amani na ndugu yake. Mazizi ya Kitengela, Ngong na Naivasha yalikuwa yamejaa tena. Mtu aliyezuru boma la Lenana mwaka huo angeamini kwamba laiboni amefanya biashara nzuri kuliko wote.

Kasoro ilikuwa kwamba bidhaa aliyoiuza ilikuwa ikishuka bei, na wanunuzi waliliona jambo hilo mapema kuliko yeye. Reli ilipofika Kisumu mwishoni mwa 1901, askari waliweza kusafirishwa kwa siku chache mahali ambapo awali walitembea kwa majuma. Januari 1902 vikosi vya Afrika Mashariki, Uganda na Afrika ya Kati viliunganishwa kuwa King's African Rifles, ambayo wenyeji waliiita Keya. Jeshi lililoweza kuhamishwa kutoka himaya moja hadi nyingine lilihitaji watu wachache katika kila mahali. Vita vya Somalia vilichelewesha mabadiliko hayo kwa kuwavuta askari kwenda kaskazini, na kwa muda mfupi morani wakaendelea kuhitajiwa. Lakini mwelekeo ulikuwa wazi.

Reli hiyo hiyo ilihitaji mizigo, na mizigo ilihitaji wakulima. Sir Charles Eliot, aliyekuwa kamishna kuanzia 1901, aliwaita masetla na kuwaonyesha malisho bora ya Bonde la Ufa, karibu na njia ya reli. Eliot hakuamini kwamba maisha ya ufugaji yalikuwa na haki ya kuzuia mashamba. Aligombana na wakubwa wake kuhusu ardhi hiyo, si kwa kuwatetea Wamaasai, akajiuzulu mwaka 1904.

Mrithi wake, Sir Donald Stewart, hakupoteza wakati. Agosti 1904 aliketi na Lenana na viongozi wengine wa Wamaasai, wakatia alama mkataba. Wamaasai waliondoka Naivasha na sehemu nyingine za Bonde la Ufa zilizo karibu na reli. Walipewa rizavu mbili: ya kaskazini katika Laikipia, na ya kusini, chini ya reli, iliyojumuisha nchi za Wakaputiei na Wamatapato ambako leo kuna Kitengela, Isinya na Kajiado. Zingeunganishwa na barabara yenye upana wa nusu maili. Ahadi ilikuwa kwamba mpango huo ungedumu maadamu Wamaasai wangali wapo duniani, na kwamba hakuna setla ambaye angeruhusiwa kuingia katika rizavu hizo.

Lenana hakusahau nyumba yake. Kifungu kimoja kilimpa yeye na warithi wake ardhi iliyo kati ya mito ya Mbagathi na Kiserian, kuanzia mlima wa Ngong hadi mahali mito hiyo inapokutana, isipokuwa vipande ambavyo Wazungu watatu walikuwa wamekwisha kuvitwaa. Hapo ndipo wakosoaji wake hukaza kidole. Wanasema aliuza Bonde la Ufa kwa bei ya shamba la familia. Watetezi wake hujibu kwamba mwaka 1904 hakukuwa na mkataba mwingine mezani, na kwamba bila ule hata Kitengela ingegawiwa masetla. Ukweli unaoweza kuthibitishwa ni kwamba alama iliyotiwa ilikuwa ya chifu mkuu aliyeundwa na serikali, juu ya ardhi ambayo kwa desturi laiboni hakuwa na mamlaka ya kuitoa. Wale waliompandisha cheo walijua kwa nini walitaka mtu mmoja wa kutia sahihi.

Kazi kubwa ya mwisho ya ushirikiano huo ilifanyika mwaka uliofuata. Wanandi walikuwa wameisumbua reli na simu ya waya kwa miaka mingi. Oktoba 19, 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa na afisa Richard Meinertzhagen katika mkutano aliodhani ni wa amani, na msafara mkubwa ukaivamia nchi yao. Mamia ya morani wa Kimaasai walikuwa pamoja na askari wa Keya. Zaidi ya ng'ombe 10,000 walichukuliwa. Wanandi, kama Wamaasai wa Naivasha mwaka mmoja kabla, waliondolewa karibu na reli na kuwekewa rizavu. Waliopigana upande wa serikali na waliopigana dhidi yake walikuwa wamefika mahali pamoja.

Baada ya hapo serikali haikuwa na vita vikubwa katika nyanda hizo ambavyo vingehitaji mikuki ya kukodi. Keya walitosha. Lenana aliendelea kupokea mshahara wake na kutembelewa na maafisa karibu na Ngong, lakini barua za wakati huo kuhusu Wamaasai zilizungumzia ardhi na mifugo, si askari. Mtu ambaye mwaka 1895 alikuwa na thamani ya kikosi kizima alikuwa sasa mzee wa kuheshimiwa.

Masetla walikuwa wakiitazama Laikipia. Gavana Sir Percy Girouard, aliyefika 1909, alitaka Wamaasai wote wawekwe katika rizavu moja ya kusini. Sababu iliyotolewa ilikuwa umoja wa kabila na urahisi wa utawala, na ni kweli kwamba Lenana mwenyewe, ambaye mamlaka yake yalififia kadiri watu walivyoishi mbali naye, aliuona umoja huo kuwa na manufaa. Wapurko wa Laikipia, wakiongozwa na Legalishu, hawakuuona hivyo.

Lenana alifariki Machi 7, 1911. Maafisa waliripoti kwamba akiwa katika kitanda cha mauti aliwausia watu wake waitii serikali na wahame kutoka Laikipia. Wapo Wamaasai walioukubali wosia huo na wapo walioukataa, na jinsi ulivyoafikiana na matakwa ya gavana kumewafanya wadadisi wa historia wautazame kwa jicho la shaka. Hata mwezi mmoja haukutimia. Aprili 4, 1911 mkataba mpya ulitiwa alama, na jina la kwanza lilikuwa la Seggi, mwana wa Lenana, kijana mdogo aliyewekewa walezi wa kumshika mkono. Legalishu naye alitia alama, kwa shingo upande.

Uhamisho ulianza mwaka huo, ukakwama kwa sababu ya mvua, baridi na vifo vya watu na mifugo, ukasitishwa, kisha ukakamilishwa 1912 na 1913. Maelfu ya watu na mamia ya maelfu ya mifugo waliteremshwa kutoka Laikipia hadi kusini, wakisindikizwa na askari. Ahadi ya kudumu maadamu Wamaasai wangali wapo ilikuwa imedumu miaka saba.

Legalishu na wenzake walikwenda mahakamani mwaka 1913, katika kesi inayojulikana kwa jina la Ole Njogo. Walidai kwamba mkataba wa 1904 ulikuwa ungali na nguvu. Mahakama iliitupa kesi, na rufaa ikashindwa Desemba mwaka huo. Majaji walisema kwamba mikataba ile ilikuwa kati ya Ufalme wa Uingereza na taifa la kigeni, na kwa hivyo mahakama za nchi hazikuwa na uwezo wa kuiamua. Hivyo Wamaasai, waliohamishwa kama raia, wakafungiwa mlango wa mahakama kama wageni.

Mwaka 1918, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, serikali ilirudi tena kwa Wamaasai kutafuta vijana. Safari hii haikuomba kwa njia ya laiboni, wala haikuahidi ng'ombe. Ilitaka kuwaandikisha kwa lazima. Morani wa Narok walikataa, na Keya wakawafyatulia risasi.

Jina la Lenana liliendelea kutumika katika mambo mengine. Baada ya Uhuru, shule ya Nairobi iliyoitwa Duke of York ilibadilishwa ikawa Lenana, na maelfu ya watalii na wanafunzi hufika kila mwaka katika kilele cha Lenana, mita 4,985 juu ya usawa wa bahari, kwa sababu ndicho kinachoweza kupandwa bila kamba. Agosti 2004, miaka mia moja tangu mkataba wa kwanza, Wamaasai waliandamana kudai Laikipia, na polisi wakatumwa kuwazuia. Katika Laikipia hiyo hiyo, mjini Nanyuki, Jeshi la Uingereza lina makao ya kikosi chake cha mafunzo, na mkataba wa ulinzi uliotiwa saini mwaka 2021 ulipofikishwa katika Bunge la Nairobi, mjadala ulizunguka maswali ya zamani: wanajeshi hao wanafuata sheria ya nani, na ni nani atakayewafidia wenyeji kwa madhara?

Rizavu ya kusini haikubaki nzima pia. Ranchi ya jamii ya Kitengela iligawanywa kwa hati za mtu mmoja mmoja katika miaka ya 1980, na nyumba za mawe zimefuata ua kwa ua hadi Isinya na kuelekea Kajiado. Kati ya mito ya Mbagathi na Kiserian, mahali ambapo Lenana na warithi wake waliahidiwa wangekaa, leo kuna Ongata Rongai na vitongoji vyake, na vibao vya kuuza ploti vimesimama kando ya barabara.